Zege la Unga wa Vigae Likigoma: Anza Kuangalia Wapi

Zege lililopunguzwa saruji na kuongezwa unga wa vigae likitoka vibaya, lawama zote hubebeshwa unga. Mara nyingi unaonewa. Tatizo linaweza kuwa lilishachapishwa kwenye mfuko wa saruji kabla kigae cha kwanza hakijasagwa, ila hakuna aliyelisoma. Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye dalili yoyote, twende kwenye mfuko.

Kigae ni udongo uliochomwa. Ndani yake mna silika na alumina nyingi, na ile sehemu isiyo fuwele, ikisagwa laini kama saruji yenyewe, humenyuka na chokaa ambayo saruji huiachia inapoganda. Mmenyuko huo huzaa gundi ya aina ileile inayoshika mchanga na kokoto. Kwa maneno mengine unga huu ni pozolana, ndugu wa jivu la volkano. Jambo lenyewe ni la kale: Warumi walisaga matofali na vyungu wakachanganya na chokaa, Wahindi wana surkhi yao, Wamisri wana homra. Lakini wote hao waliupa unga chokaa ya kutosha. Peke yake haugandi, hata ukae kwenye maji mwezi mzima.

Chokaa hiyo kwenye zege la leo inatoka kwenye klinka, yaani mawe yaliyochomwa ambayo yakisagwa ndiyo saruji yenyewe. Sasa geuza mfuko usome alama ya CEM, inayotaja aina ya saruji. CEM I ina klinka asilimia 95 hadi 100. CEM II/A ina 80 hadi 94. CEM II/B ina 65 hadi 79. CEM IV/B, ambayo ni saruji ya pozolana inayouzwa kwa wingi Afrika Mashariki katika daraja la nguvu la 32.5, ina klinka asilimia 45 hadi 64 tu, na kilichobaki karibu chote ni pozolana ambayo kiwanda kimeshaiweka. Chukua mfuko wa kilo 50 wa aina hiyo, ondoa asilimia 20, weka unga wa vigae. Klinka iliyobaki ni kati ya kilo 18 na 26 hivi. Pozolana mbili zinagombea chokaa ambayo tangu mwanzo haikuwatosha. Hapo hata unga bora duniani utakaa kama mchanga laini.

Tafiti nyingi zinazosifia asilimia 10 hadi 20 zimefanywa kwa CEM I au saruji inayokaribiana nayo. Mtu akichukua asilimia hizo na kuzipeleka kwenye mfuko wa IV/B, hajarudia kilichofanywa maabara. Amefanya jambo jingine kabisa. Kwa zege la kubeba mzigo tumia CEM I 42.5, au walau CEM II/A ya 42.5. Ukiwa na II/B yenye mawe ya chokaa (herufi L au LL), uwezekano upo, ila kumbuka jiwe la chokaa lililosagwa si chokaa ile inayotakiwa, kwa hiyo anza na asilimia 10 na upime. Ukiwa na IV/B peke yake, usiguse. Unga wako upeleke kwenye ripu na kujengea, ukichanganywa na chokaa iliyozimwa, na utafanya kazi nzuri sana huko.

Kyubu za siku 7 zimeshuka

Hii ndiyo dalili inayoleta simu nyingi, na ndiyo inayohukumiwa haraka kuliko zote. Kyubu za milimita 150, yaani vipande vya zege vya kupimia nguvu, zimevunjwa siku ya 7, namba iko chini, fundi mkuu anataka unga utupwe.

Namba moja ya siku 7 haisemi chochote. Unahitaji kyubu za kulinganishia: zege lilelile, mchanga uleule, maji yaleyale, bila unga. Na unahitaji siku zaidi ya moja: 7, 28, 56, na ukiweza 90. Kisha usitazame namba yenyewe, tazama pengo kati ya zege lenye unga na lisilo nao linavyokwenda.

Pengo likiwa kubwa siku ya 7, likapungua siku ya 28, likakaribia kufutika siku ya 90, huna tatizo la zege. Una pozolana inayofanya kazi kwa mwendo wake wa kawaida, kwa sababu chokaa lazima iachiwe kwanza ndipo unga uanze kula. Unachohitaji kubadilisha ni ratiba: mirunda ikae zaidi, na nguvu ya usanifu ihesabiwe kwa siku ya 56 ikiwa mhandisi wa mradi amekubali kwa maandishi.

Pengo likibaki lilelile, tuseme asilimia 20 siku ya 7 na asilimia 20 siku ya 90, unga haujamenyuka. Umepunguza saruji tu na kujaza nafasi. Sababu ni tatu: saruji haina chokaa ya kutosha, unga ni mkubwa wa punje, au malighafi imechomwa mno.

Pengo likizidi kupanuka, simamisha kazi. Kuna uchafu kwenye unga, au zege linaharibika kutoka ndani. Nenda moja kwa moja sehemu ya uvimbe huko chini.

Tubaki kwenye lile pengo lisilobadilika, kwa sababu hapo ndipo kazi ya kutafuta ilipo. Saruji umeshaisoma. Unaofuata ni ulaini wa unga. Kiwango cha Kimarekani cha ASTM C618 kwa pozolana za asili kinataka kisichopita kwenye chekeche ya mikroni 45, ikioshwa kwa maji, kisizidi asilimia 34. Chekeche hiyo haipo kila mahali, ila ya mikroni 75 ipo karibu kila maabara ya udongo, na unga mzuri unapaswa kupita karibu wote. Njia ya haraka kabisa: lowesha unga kidogo, usugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia chengachenga, rudisha kinuni. Ukiteleza kama poda, una haki ya kuendelea kupima. Na ukivunja kyubu iliyogoma, tazama uso wa mvunjiko kwenye jua: vipande vinavyometameta vidogo kama vichwa vya pini ni gamba la kigae ambalo halikusagika. Hayo hayakufanya lolote humo ndani.

Suala la kuchomwa ni gumu zaidi kulitatua. Udongo wa mfinyanzi ukichomwa kwenye nyuzijoto 600 hadi 800 hupoteza umbo lake la fuwele na kuwa mwepesi wa kumenyuka. Vigae vya sakafu vile vigumu, visivyonywa maji, huchomwa hadi nyuzijoto 1200 hivi. Sehemu ya udongo hujipanga upya kuwa fuwele mpya zisizojali chokaa, na sehemu huwa kioo. Kioo hicho humenyuka, ila ni kigumu na kinadai kusagwa laini zaidi. Vigae vya ukutani na matofali mekundu ya kiwandani huwa vyepesi zaidi kumenyuka. Tangu viwanda vya vigae vilipofunguliwa Mkuranga na Chalinze mkoani Pwani, na Kajiado upande wa Kenya, vigae vilivyovunjika si vigumu kupatikana, lakini rundo moja lina aina mbili au tatu, na kila aina ina tabia yake. Zitenge kabla ya kusaga.

Tofali la kuchoma la kienyeji lina kasoro ya upande mwingine. Tanuri la vijijini halichomi sawasawa, na tofali la pembeni linaweza kuwa udongo mkavu uliobadilika rangi tu. Tumbukiza kipande kwenye ndoo ya maji kikae usiku kucha. Asubuhi kikiwa kimelainika na kuacha tope chini, hakifai hata robo. Udongo mbichi kwenye zege unakunywa maji na haushiki kitu.

Zege halishiki

Limemwagwa asubuhi, jioni bado kidole kinazama. Kuchelewa kidogo ni kawaida: klinka imepungua, kwa hiyo saa moja au mbili za ziada hazishtui. Kuchelewa hadi kesho yake ni jambo jingine.

Kwanza uliza unga ulihifadhiwa kwenye viroba vya nini. Sukari ni adui mkubwa wa kushika kwa saruji. Gramu 50 tu kwenye mfuko wa kilo 50, yaani sehemu moja katika elfu, zinatosha kulichelewesha zege vibaya. Kiroba cha sukari kilichokung'utwa kwa mkono kina hizo kwenye mishono. Viroba vya mbolea navyo si salama, kwa sababu fosfeti huchelewesha vilevile. Tumia viroba vipya au vilivyokuwa na saruji.

Halafu tazama gamba la rangi, ule mng'ao wa juu ya kigae. Baadhi ya magamba yana zinki, na ya zamani yana risasi, na zote mbili huchelewesha saruji. Ndiyo sababu vyombo vya mezani vya zamani vyenye rangi kali havipaswi kuingia kwenye rundo, na risasi yenyewe ni sumu kwa anayesaga. Kwenye vigae vya kawaida gamba ni utando mwembamba ukilinganisha na mwili wake, kwa hiyo ukiwa na mchanganyiko mzuri haliwezi kukusumbua sana.

Baridi nayo ina neno. Tanga au Mombasa joto linausukuma mmenyuko wa unga. Njombe au Limuru mwezi wa Julai, zege lilelile litakwenda polepole. Punguza unga kuelekea asilimia 10 msimu huo.

Linakuwa zito, vibarua wanaongeza maji

Hapa ndipo nguvu inapopotea kimyakimya. Punje za unga wa vigae zina kona kali, tofauti na jivu la makaa ambalo punje zake ni mviringo. Unga wa kigae kinachonywa maji, au wa tofali, unafyonza zaidi. Slampu, kipimo cha ulaini wa zege bichi, inashuka, toroli linakuwa gumu kumwaga, na mtu mwenye ndoo yuko karibu.

Fanya hesabu hii mbele yao, inasaidia kuliko amri. Kilo 42.5 za saruji na kilo 7.5 za unga kwa lita 25 za maji: uwiano wa maji kwa jumla ya vyote viwili ni 0.50, lakini kwa saruji peke yake tayari ni 0.59. Lita 3 za huruma zikiongezwa, unakuwa 0.56 kwa jumla na 0.66 kwa saruji. Siku ya 7, unga ukiwa bado haujaamka, zege linaishi kwa ile namba ya pili.

Dawa ya kupunguza maji ndiyo jibu, ikijaribiwa kwanza kwenye mchanganyiko mdogo. Jibu jingine liko kwenye mchanga. Unga wa vigae ni mwepesi kuliko saruji: uzito wake mahususi ni karibu 2.5, wa saruji ni 3.15. Kilo 7.5 za saruji zilikuwa na ujazo wa lita 2.4, kilo 7.5 za unga zina lita 3. Kwa zege la mifuko saba kwa mita ya ujazo, umeongeza lita 4 na kitu za ujiuji laini. Toa mchanga kilo 11 hivi, na zege litaacha kunata.

Hilo linatukumbusha mizani. Kupima unga kwa karai au ndoo ni kubahatisha, maana unga uliolegea na uliogandamizwa hautoshani. Na hakikisha wachanganyaji wanajua kwamba unga unachukua nafasi ya saruji. Pako sehemu unga huongezwa juu ya mfuko mzima, zege linatoka zito, na wanaamini wamefuata asilimia 15.

Nyufa za juu, siku ileile

Nyufa fupi fupi, nyingi, zinazotokea kabla zege halijakauka, hasa alasiri yenye upepo. Zege la unga laini hutoa maji machache juu na hushika taratibu, kwa hiyo uso wake unabaki laini muda mrefu huku jua na upepo vinaufyonza. Dodoma mwezi wa Septemba hali hii ni karibu ya uhakika usipojikinga. Mwaga alfajiri au jioni, lowesha kifusi cha chini kabla, tandika nailoni mara tu baada ya kupiga rula, na ukiona ufa ungali mbichi, upige tena kwa mwiko wa mbao kabla zege halijashika.

Kyubu nzuri, jamvi linatoa vumbi

Kyubu zililala kwenye tangi la maji siku 28. Jamvi, yaani sakafu ya zege, lilimwagiliwa siku tatu, Jumapili likasahaulika. Maabara imepima zege jingine.

Zege lolote linataka maji, lakini hili linayataka kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu kazi ya unga inaanza pale wengine wanapofunga bomba. Siku 7 ni chache. Fanya 14, kwa magunia yaliyolowa yaliyofunikwa nailoni, au kwa kingo za mchanga zinazofanya maji yasimame juu ya jamvi. Kumwagilia asubuhi na jioni halafu jua likapiga mchana kutwa hakuhesabiki. Uso uliokauka mapema unabaki na vitundu, na hewa ya ukaa huingia upesi hadi kwenye nondo, maana chokaa iliyokuwa ikizilinda imeliwa na pozolana. Zege la unga wa vigae likimwagiliwa vizuri hupitisha chumvi kidogo kuliko la kawaida, faida kubwa kwa nyumba za pwani. Lisipomwagiliwa, faida inageuka kuwa hasara.

Na kwa ajili ya mirunda, tengeneza kyubu za ziada zilale palepale kazini, chini ya gunia lilelile la jamvi. Hizo ndizo zitakuambia lini utoe mirunda.

Linavimba, linabanduka, linatoa madoa

Nyufa za mtandao zinazotokea baada ya wiki au miezi, na pengo la nguvu linalopanuka, kwa kawaida ni salfeti. Chanzo chake kikubwa ni jipsamu. Vigae vilivyobomolewa kutoka nyumba ya zamani vinakuja pamoja na vipande vya dari na ripu nyeupe, vyote vinasagwa, na jipsamu hiyo inamenyuka na alumina ndani ya zege lililokwisha kuwa gumu na kulisukuma kutoka ndani. Hakuna dawa ya zege hilo. Kinga ni kuchagua kwa mkono kabla ya kusaga, na kupeleka sampuli ipimwe salfeti. C618 inakomea asilimia 4.

Vipande vidogo vinavyoruka usoni mwa zege na kuacha shimo lenye kiini cheupe vinatokana na punje za chokaa hai zilizokuwamo kwenye tofali. Kusaga laini zaidi kunatosha. Madoa ya kutu yaliyotawanyika bila mpangilio ni chuma cha mipira ya kinu, hayapunguzi nguvu. Rangi ya waridi inayobadilika mchanganyiko hadi mchanganyiko ni tofali jekundu lisilochanganywa sawasawa, na inaudhi kwenye pavingi tu.

Tope la kung'arishia vigae ni kishawishi, kwa sababu limeshasagika tayari. Lina hatari yake: mawe ya kung'arishia mara nyingi hushikwa na saruji ya magnesia yenye kloridi, na kloridi hiyo inabaki kwenye tope. Kloridi hula nondo. Bila kipimo cha kloridi, tope hilo liishie kwenye tofali za bloku zisizo na chuma.

Lilikuwa zuri mwezi jana

Saruji ileile, fundi yuleyule, na sasa kyubu zinapepesuka. Karibu kila mara malighafi imebadilika: rundo jipya, vipande vya masinki na vyoo vimeingia, au mwenye kinu amepunguza saa za kusaga kwa sababu umeme umepanda. Weka kilo mbili za kila awamu kwenye ndoo yenye mfuniko, uandike tarehe na chanzo. Awamu mpya ikija, kabla ya kuitumia fanya kyubu ndogo za ripu: kundi moja saruji tupu, jingine lenye unga asilimia 20. Kundi lenye unga likifikia walau asilimia 75 ya nguvu ya mwenzake siku ya 7 au ya 28, awamu imepita. Ikishindwa, linganisha na ile uliyohifadhi, kwa chekeche kwanza, halafu kwa kipimo cha salfeti.

Anayesaga asiachwe na kitambaa puani. Vumbi hili lina silika ya fuwele, ambayo husababisha silikosisi na imethibitishwa kusababisha saratani ya mapafu. Barakoa iwe ya daraja la FFP2 au N95 angalau, kinu kifunikwe, sakafu ifagiliwe ikiwa imelowa, na nguo za kazi zisipelekwe nyumbani kwa watoto.